Nilianza Maandalizi ya Krismasi Mapema, Mbona Yaliharibika Zaidi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, na mimi na mume wangu sote tunafanya kazi za kuajiriwa. Nakuandikia sasa, wakati Krismasi bado iko mbali, kwa sababu nimeona heri nikuulize mapema kuliko kungoja Desemba, mwezi ambao huwa sipati hata nafasi ya kufikiri.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa dakika za mwisho. Zawadi nilizinunua siku mbili tatu kabla ya sikukuu, kwa bei yoyote niliyotajiwa, nikarudi nyumbani na vitu ambavyo hata mimi mwenyewe sikuvipenda. Mwaka jana nikaamua kubadilika. Nilianza maandalizi mwezi wa Agosti: kila nilipoona kitu kinachofaa nilikinunua nikakificha kabatini au chini ya kitanda, na vingine nikavihifadhi kwa jirani ili watoto wasivione. Ilipofika Novemba nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo na kuwaonea huruma wenzangu waliokuwa hawajaanza.

Shangazi, mambo yalikwenda kombo kuliko miaka yote. Nguo nilizomnunulia mwanangu wa pili zilikuwa zimeshambana. Kifaa nilichomwekea shemeji yangu alikuwa ameshajinunulia mwenyewe. Taa za mapambo nilizinunua mara mbili, kwa kuwa nilisahau nilikoziweka zile za kwanza. Tena, kwa sababu nilitumia fedha kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, sikujua nimetumia kiasi gani mpaka Januari iliponikuta mikono mitupu.

Baya zaidi lilitokea wiki ya mwisho, mama mkwe alipopiga simu kutuarifu kwamba yeye na mawifi zangu wote watakuja kwetu, ilhali mimi nilikuwa nimeshawaahidi wazazi wangu kwamba safari hii tutakwenda kwao. Kumbe mume wangu alikuwa amemkubalia mama yake siku nyingi, akidhani kwamba nina habari. Tukagombana, wazazi wangu wakanuna, na siku yenyewe nikaimalizia jikoni huku wengine wakicheka sebuleni.

Sasa mume wangu anasema kosa langu ni kuanza mapema mno, na kwamba Krismasi si harusi hata iundiwe kamati. Rafiki yangu wa kazini anasema kinyume chake: kwamba Agosti ni kuchelewa, na watu waliojipanga huanza Januari, bidhaa za sikukuu zinapouzwa kwa bei ya kutupa. Nimsikilize nani? Nianze lini, na nianzie wapi?

Mchovu Kabla ya Sikukuu

*

Marahaba, mwanangu.

Mumeo na rafiki yako wanabishana juu ya tarehe, na kwa maoni yangu tarehe siyo iliyokuangusha. Agosti haikuwa mapema mno wala haikuwa kuchelewa. Shida ni kwamba mwezi huo ulifanya kazi ya Novemba, yaani kununua, na kazi iliyostahili kufanywa Agosti, yaani kuamua, ikaachwa mpaka wiki ya mwisho, ambapo mama mkwe aliifanya kwa niaba yenu. Ukizipitia hasara zako moja moja utaona kwamba karibu zote zina chanzo hicho: ulimnunulia shemeji kabla ya kumuuliza, ulitumia fedha kabla ya kupanga kiasi, na uliwaahidi wazazi kabla ya kuzungumza na mumeo. Kinachopaswa kuwahiwa ni maamuzi. Vitu vinaweza kusubiri, na vingi kati yake ni afadhali visubiri.

Tuanze na lile la wakwe, kwa kuwa ndilo lililowaumiza zaidi. Swali la nani atakuwa wapi tarehe 25 Desemba linapaswa kuamuliwa na ninyi wawili kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia chochote, na halina budi kuamuliwa mapema kwa sababu kila mwezi unaopita watu huzidi kujipangia yao: kaka anaomba likizo, wifi anakata tiketi, bibi anawatangazia majirani kwamba wajukuu wanakuja. Neno ambalo mwezi wa Agosti lingepokewa kama taarifa ya kawaida, Desemba hupokewa kama tusi. Katika mazungumzo hayo kila mmoja aseme bila haya ahadi alizokwisha kutoa, hata zile alizozitoa nusunusu kwa kuitikia tu "sawa" kwenye simu, maana mumeo hakukudanganya. Alimwitikia mama yake kisha akaamini kwamba habari itakufikia yenyewe.

Mkishaafikiana, kila mmoja awaambie wazazi wake mwenyewe. Usikubali hata kidogo kuwa wewe ndiye wa kumpelekea mama mkwe habari asizozipenda, kwa kuwa neno hilohilo likitoka kwa mwanawe ni mpango wa familia, likitoka kwako ni roho mbaya ya mkaza mwana. Mumeo aseme waziwazi: "Mama, mwaka huu tarehe 25 tutakuwa kwa wazazi wa mke wangu, na kwako tutafika tarehe 28 tukae mpaka Mwaka Mpya." Kauli ya namna hiyo ina tarehe na ina ahadi, wala haimwachii mama nafasi ya kudhani kwamba ametupwa. "Tutaona, Mama" ndiyo huwaingiza watu matatani.

Wala msijifunge kwamba kila ndugu lazima aonekane siku moja. Kwa mapokeo ya makanisa ya Magharibi, Krismasi haiishi jioni ya tarehe 25. Kipindi chake huhesabiwa siku 12 mpaka kukaribia sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, na Waorthodoksi wanaofuata kalenda ya Juliasi huadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 7 Januari kwa kalenda yetu ya kawaida. Mkizipanga ziara zenu ndani ya siku hizo, mtawaona wote bila kumkosesha mtu heshima yake, na huenda safari zikawa nafuu kwa kuwa hamtasafiri siku ileile ambayo kila mtu anasafiri.

Baada ya watu zinakuja fedha. Ketini mkubaliane kiasi kizima cha sikukuu, pamoja na zawadi, chakula, nauli, mapambo na sadaka, kabla hamjanunua hata karatasi ya kufungia zawadi, kisha mkigawe kwa mishahara iliyobaki. Anayeanza mwishoni mwa Agosti ana mishahara minne kabla ya Desemba kuingia. Anayeanza Novemba ana mmoja, na hapo ndipo mkopo huanza kuonekana kama suluhisho. Fedha hizo ziwekwe mahali pake, iwe akaunti ya pembeni au kibubu, zisichanganywe na za matumizi ya nyumbani, kwa sababu manunuzi yako madogo madogo ya mwaka jana yalijificha ndani ya matumizi ya kila siku na hakuna aliyeyahesabu.

Kiasi hicho msikipate kwa kukisia. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakikamilisha tasnifu zao. Walipoulizwa wangemaliza baada ya siku ngapi, wastani wa majibu yao ulikuwa siku 34. Walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kingekwenda mrama, wakataja kama siku 49. Mwisho wa yote, waliomaliza walichukua takriban siku 56. Yaani hata makisio yao ya hofu yalikuwa na matumaini kupita kiasi. Binadamu anapopanga huitazama kazi iliyo mbele yake akaiona nyepesi, na husahau kuitazama ile aliyokwisha kuifanya. Kwa hiyo toeni taarifa za benki na risiti za mwaka jana, mjumlishe kilichotumika kweli, na hicho ndicho kiwe msingi wa bajeti, hata kama kitawatia aibu. Fanyeni vivyo hivyo kwa muda: kama kufunga zawadi kulikula jioni mbili, msijidanganye kwamba mwaka huu kutachukua saa moja.

Kuhusu zawadi, rafiki yako ana haki kwa sehemu. Mapambo, taa, kadi na karatasi za kufungia haviharibiki wala havipitwi na wakati, na si vibaya kuvinunua Januari vikiwa rahisi, mradi uandike mahali ulipoviweka. Lakini nguo na viatu vya mtoto anayekua havina haja ya kununuliwa kabla ya Novemba, na vitu vya kuchezea ni vivyo hivyo, kwa sababu anachokililia mtoto Agosti huenda Desemba asikitazame. Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa mapema hulisahau: maduka mengi yanayokubali kurudishiwa bidhaa huhesabu siku tangu bidhaa iliponunuliwa, na dhamana ya kifaa cha umeme nayo kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku hiyo. Zawadi iliyokaa kabatini miezi minne inaweza kumfikia mwenyewe ikiwa haibadilishwi tena.

Ununuzi wa kubahatisha una gharama hata zawadi ikiwa nzuri. Mwanauchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, zawadi walizopata zilikuwa na thamani gani machoni pao, na katika makala yake ya mwaka 1993 akaeleza kwamba thamani hiyo ilipungua chini ya bei kwa kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tatu. Zilizopoteza zaidi zilitoka kwa ndugu wa mbali, ambao hawamjui sana mpokeaji. Sisemi ugawe bahasha za fedha tu, kwa kuwa zawadi ina maana yake nje ya hesabu. Nasema uulize. Andika majina ya watu kwanza, na mbele ya kila jina uandike neno alilolisema mwenyewe mwaka mzima: viatu vyake vimechoka, anatamani kujifunza kushona, miwani yake imepasuka. Kuandika huko ndiko kazi ya Agosti. Kwa watu wazima, pendekeza mwezi wa Septemba kwamba mpige kura ya majina, kila mmoja amnunulie mmoja tu. Pendekezo hilo likitolewa Desemba halifai kitu, kwa kuwa tayari kuna aliyekwisha kununua na atajiona amepunjwa.

Sasa nisikilize kwa makini juu ya mumeo. Anaposema Krismasi haihitaji kamati, anasema hivyo kwa sababu kamati ipo na mjumbe wake ni mmoja, nawe ndiye. Mwanaanthropolojia Micaela di Leonardo aliandika mwaka 1987 kwamba kuandika kadi, kupiga simu, kukumbuka zawadi na kuandaa mikusanyiko ya sikukuu ni kazi kamili ya kutunza udugu, na kwamba katika familia alizozichunguza kule California wanawake ndio walioibeba, tena hata kwa upande wa ndugu za waume zao. Ni kazi isiyoonekana mpaka siku isipofanywa.

Dawa yake haiwi kumpa mumeo orodha ya kutumwa, kwani ukimtuma bado wewe ndiye unayekumbuka, unayefuatilia na unayelaumiwa. Mkabidhi jambo zima na maamuzi yake. Ndugu zake wakija, yeye ndiye ajue idadi yao, siku ya kufika na ya kuondoka, watalala wapi, na nani kati yao hali chakula gani. Zawadi za mama yake na za dada zake ziwe juu yake tangu kuwaza mpaka kufunga. Atafanya tofauti na ambavyo ungefanya wewe, na pengine zawadi zitafungwa ovyo. Ziache hivyo hivyo. Ukizifungua usiku ili uzifunge upya, utakuwa umejirudishia kazi mwenyewe.

Na kila jambo mlilogawana liandikiwe siku na mahali. Wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walipata kuwaomba wanafunzi waandike namna walivyoutumia mkesha wa Krismasi na kuwasilisha maandishi hayo ndani ya saa 48. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1997, wale waliotakiwa kutaja mapema saa na mahali watakapokaa kuandika walitimiza kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao waliokuwa na nia njema tu. Kwa hiyo "tutazungumzia zawadi siku moja" haitoshi. Semeni "Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, baada ya kifungua kinywa, mezani". Daftari liwe moja, lijulikane na wote wawili, na humo yaandikwe majina, fedha zilizotumika na mahali kila kitu kilipofichwa, ukiwemo mzigo ulio kwa jirani.

Kuna pia yale yanayoweza kuachwa kabisa. Kadi ya Krismasi iliyochapwa, ambayo leo ni mzigo kwa wengi, ilibuniwa ili kupunguza mzigo: mwaka 1843 huko London, Henry Cole, aliyekuwa amezidiwa na barua za kujibu, alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuchapwa kwa wingi. Wewe nawe una ruhusa ya kurahisisha. Waulize watoto wanakumbuka nini cha Krismasi iliyopita. Huenda nusu ya mambo yaliyokuchosha hawatayataja, na hayo uyafute bila kujuta.

Jikoni sina mengi. Wageni wanapouliza "tulete nini?", usijibu "njooni tu", wape jibu, chakula fulani, mmoja mmoja. Vinavyoweza kupikwa mapema vipikwe na kugandishwa kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na nyama kubwa iliyoganda ianze kuyeyushwa ndani ya jokofu siku mbili au tatu kabla, kwa kuwa huhitaji takriban saa 24 kwa kila kilo mbili. Kuiacha mezani usiku kucha iyeyuke ni kuwakaribisha wageni na ugonjwa.

Umeniuliza uanze lini. Maamuzi ya mahali na fedha yafanywe sasa. Majina na matakwa ya watu yaandikwe Agosti. Kununua ni Oktoba na Novemba, na kukome Jumapili ya kuanza Majilio, kipindi cha kanisa cha kujiandaa kwa Krismasi. Jumapili hiyo, ambayo ni ya nne kabla ya Krismasi, huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, hivyo hukuachia siku zisizopungua 22 za kufunga zawadi, kusafisha nyumba, kupika vya kugandisha na kupokea yale ambayo hakuna daftari linaloweza kuyatabiri. Hata kwa asiyekwenda kanisani ni tarehe nzuri ya kufunga mkoba. Kwa anayekwenda, Majilio yamewekwa kwa ajili ya kungoja na kujiandaa moyoni, na ni vigumu kufanya hivyo ukiwa kwenye foleni ya malipo.

Kwa wiki hii, basi, usinunue chochote. Chagueni jioni moja watoto wakiwa wamelala, mwamue tarehe 25 mtakuwa wapi na siku zinazofuata mtakuwa kwa nani, na kesho yake yeye ampigie mama yake nawe uwapigie wazazi wako, siku hiyohiyo moja, ili pasiwe na upande utakaosikia habari kutoka kwa ndugu wengine. Ukiona kukubaliana kumewashinda, niandikie tena unieleze kila mmoja anataka nini, na umwombe mumeo aandike sehemu yake kwa mkono wake.

Shangazi